Imani Mbili Zilizosifiwa

Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya walimu wa shule za kambi katika ibada ya pamoja ya Siku ya Wakimbizi Duniani, Kambi ya Nyarugusu, Mkoa wa Kigoma

  

Kamati ilipotuomba sisi walimu tuseme neno katika ukumbusho huu, ilitupa kichwa cha habari chenye mambo mawili: unyenyekevu na imani. Tulikaa pamoja baada ya vipindi, tukaulizana kwanza swali moja. Je, mkimbizi anahitaji kufundishwa unyenyekevu? Mtu aliyekwisha kupanga foleni ya unga, foleni ya maji, foleni ya dawa na foleni ya kibali cha kutoka, huyo bado hajanyenyekea tu? Swali hilo wengi wenu mnalo moyoni, hata kama hamlisemi kanisani. Tumeona afadhali tulijibu waziwazi kuliko kulizunguka.

Sisi walimu tunapofundisha kauli za vitenzi ubaoni, tunawaambia watoto kwamba kuna tofauti kubwa kati ya kupiga na kupigwa. Tofauti hiyo itatusaidia leo. Kudhalilishwa ni kutendwa. Mtu mwingine, au vita, au njaa, imekutenda, na wewe hukuchagua. Kunyenyekea ni kutenda. Mwenye kunyenyekea ndiye mwenye tendo. Hakuna awezaye kunyenyekea badala yake, wala hakuna awezaye kumlazimisha.

Yaliyotupata sisi ni ya kutendwa. Vita vilipowaka Kivu mwaka 1996, watu wa Uvira, Fizi na Baraka hawakuulizwa kama wako tayari. Walivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na boti wakafika Kigoma, na mwaka huo huo kambi hii ikafunguliwa. Baadhi yetu tunaoshika chaki leo tulivuka tukiwa mgongoni kwa mama zetu. Kufukuzwa nyumbani si unyenyekevu. Kukosa shamba la kulima si unyenyekevu. Kupikia watoto mara moja kwa siku si unyenyekevu. Hayo ni mateso, na mtu yeyote asitupambie mateso kwa kuyapa jina la dini.

Lakini kuna upande wa pili, nao yafaa usemwe. Mtu anaweza kudhalilishwa sana na bado akawa na kiburi kikubwa. Kiburi hakihitaji mali. Kinaota hata ndani ya nyumba ya turubai. Kuna kiburi cha kusema: kwetu nilikuwa mtu mkubwa, kwa hiyo sitapokea amri ya kijana huyu. Kuna kiburi cha kusema: sisi tulifika zamani, ninyi mmekuja juzi. Kuna kiburi cha dhehebu kinachosema: Mungu anasikia kwaya yetu kuliko yenu. Na kuna kiburi cha uchungu, ambacho ni kibaya kuliko vyote, kinachosema: hakuna aliyeteseka kama mimi, kwa hiyo hakuna wa kuniambia neno. Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili: ndiyo, hata mkimbizi anahitaji kujifunza unyenyekevu, kwa sababu yale aliyotendwa hayakumfundisha.

Sasa imani inaingia wapi? Katika Injili ya Luka, sura ya 17, mitume walimwomba Bwana awaongezee imani. Wengi wetu tunakumbuka nusu ya jibu alilowapa, ile ya punje ya haradali. Nusu ya pili tunaiacha. Maana mara tu baada ya habari ya haradali, Bwana aliwasimulia juu ya mtumishi aliyerudi kutoka kulima na kuchunga, na kabla ya kula mwenyewe akajifunga nguo kumwandalia bwana wake, wala hakudai kushukuriwa. Mitume waliomba imani, wakapewa somo la unyenyekevu. Sisi walimu tunaelewa jambo hilo. Mwanafunzi akiomba hesabu ngumu za kuzidisha, mwalimu humrudisha kwanza kwenye kujumlisha, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kufika.

Wahenga nao walisema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Imani iko mvunguni. Asiyetaka kuinama atabaki akiiona kwa mbali.

Ndugu zetu, tukiisoma Injili ya Mathayo kutoka mwanzo hadi mwisho, tutakuta kwamba wanafunzi wa Bwana wanakemewa mara kwa mara kwa imani yao haba. Lakini wako watu wawili ambao imani yao Bwana Yesu aliitaja kuwa ni kubwa. Wa kwanza yumo katika sura ya 8, naye ni akida wa Kapernaumu. Wa pili yumo katika sura ya 15, naye ni mama Mkanaani. Angalieni jambo la ajabu: wote wawili ni wageni. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa ndani ya nyumba ya Israeli. Wasingeandikwa katika orodha ya wenyeji. Na wote wawili walisifiwa imani baada ya kuonyesha unyenyekevu. Lakini unyenyekevu wao haukufanana, kwa sababu mmoja alikuwa juu na mwingine alikuwa chini. Tuwaangalie mmoja mmoja.

Akida alikuwa ofisa wa jeshi, na askari chini yake. Akisema nenda, mtu anakwenda. Mtumishi wake aliugua, akapooza, akawa katika maumivu makali. Katika siku zile, mtumishi akifa, bwana alitafuta mwingine. Akida huyu hakutafuta mwingine. Luka anatuambia kwamba wazee wa mji walikwenda kumsemea, wakieleza kuwa anastahili kusaidiwa, kwa maana anawapenda watu wao na ndiye aliyewajengea sinagogi. Hiyo ndiyo barua yake ya utambulisho, na ilikuwa barua nzuri. Lakini yeye mwenyewe alipeleka ujumbe mwingine kabisa: kwamba hastahili Bwana aingie chini ya dari yake. Wazee walihesabu mchango wake, yeye hakuuhesabu.

Na hapo ndipo imani yake ilipotoka. Alieleza kwamba yeye naye ni mtu aliyewekwa chini ya mamlaka, ingawa ana watu chini yake, na kwa hiyo anajua kwamba neno moja la Bwana linatosha. Tulishike jambo hilo vizuri. Mtu anayejua kwamba yuko chini ya mwingine ndiye anayeweza kupewa mamlaka bila ya kuyaharibu. Asiyejua kwamba yuko chini ya yeyote, huyo mpe ufunguo wa ghala dogo tu, uone.

Basi neno la akida ni la wale wote wenye madaraka kambini, wakubwa kwa wadogo. Ni la kiongozi wa kijiji anayeandika majina ya wanaopata plastiki za kuezekea. Ni la mzee wa kanisa anayeshika daftari la sadaka. Ni la mwalimu mwenye fimbo ya kuonyeshea ubaoni na watoto wengi mbele yake wasioweza kumjibu. Ni la baba nyumbani. Wahenga wamesema ukubwa ni jalala, yaani mkubwa hutupiwa kila taka na hana budi kuvumilia. Anayetaka ukubwa kwa ajili ya kukaa kiti cha mbele hajauelewa. Bwana wetu mwenyewe, usiku ule wa mwisho, alichukua beseni na taulo akawaosha miguu watu ambao muda si mrefu wangemkimbia, pamoja na yule aliyekuwa amekwisha kupatana bei ya kumsaliti.

Na kwa ndugu zetu wa mashirika, tunasema kwa heshima. Ninyi ndio mnaoshika orodha, mihuri na funguo za magari. Hamkuyaumba mateso yetu, na wengi wenu mmeacha familia zenu mbali. Tunawashukuru. Tunawaomba jambo moja tu tulilojifunza kwa akida. Alipomwendea Bwana, alijua mtumishi wake amelala wapi, anaumwa nini na maumivu yake ni makali kiasi gani. Hakuleta namba, alileta mtu. Mnapotuandikia katika ripoti zenu, na namba lazima ziwepo, mkumbuke kwamba nyuma ya kila namba kuna mtu anayelala mahali fulani na kuumwa kitu fulani. Anayefanya hivyo, hata kama hajaingia kanisa lolote, amekwisha kuujua unyenyekevu.

Sasa tumwendee yule mama. Huyu ni mtu wa upande wa Tiro na Sidoni, miji ya pwani ambayo leo iko katika nchi ya Lebanoni. Hana cheo wala wazee wa kumsemea. Ana binti mgonjwa na sauti yake tu. Alipaza sauti, na jambo la kwanza alilolipata ni kimya. Jambo la pili, wanafunzi wa Bwana walitaka aondolewe kwa sababu anawapigia kelele. La tatu, akaambiwa kwamba aliyetumwa ametumwa kwa kondoo waliopotea wa Israeli. La nne, lililo gumu kuliko yote, akasikia mfano wa chakula cha watoto kisichofaa kutupiwa mbwa.

Ndugu zetu, kama kuna watu duniani wanaoielewa safari ya mama huyu, ni sisi. Kimya tunakijua, ni barua isiyojibiwa. Kuondolewa tunakujua; ni kusimama dirishani mwa ofisi na kuambiwa rudi juma lijalo. Kuambiwa kwamba huduma hii si ya kundi lako tunakujua pia.

Je, mama alifanya nini? Hakutukana. Hakuondoka. Tena hakusema kwamba binti yake hafai. Watu wengi husema unyenyekevu wake ni kule kukubali kuitwa jina baya. Sisi hatudhani hivyo. Unyenyekevu wake ni kwamba hakubishana juu ya hadhi yake hata kidogo. Aliiacha hadhi yake kando, kwa sababu alikuwa na jambo kubwa zaidi mkononi, akauchukua ule mfano wenyewe aliopewa, akaugeuza kuwa hoja: kwamba makombo ya mezani hata hao wadogo huyapata. Alipiga magoti na bado akajenga hoja. Magoti yake yalikuwa chini, akili yake ilikuwa imesimama. Na Bwana akaisifu imani yake, akampa alichoomba, na binti akapona saa ile ile.

Kwa hiyo asije mtu akatumia neno unyenyekevu kufunga vinywa vya watu. Mama anayepigwa nyumbani na kuambiwa na wazee avumilie kwa unyenyekevu, huyo ameambiwa uongo. Msichana aliyedaiwa kitu kibaya ili apewe haki yake, asiambiwe anyamaze ili asiharibu jina la mtu. Kijana anayeuliza kwa nini jina lake limerukwa katika orodha, asiitwe mjeuri, maadamu ameuliza kwa adabu. Mama Mkanaani aliuliza mara ya pili na ya tatu, mbele ya watu, na Bwana hakumwita mjeuri. Aliuita ung'ang'anizi wake imani.

Katika nchi yetu ya Kivu tunao mfano wa karibu. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu alikuwa mtawa wa shirika la Wajesuiti na mwana wa Kivu. Wakimbizi wa Rwanda walipoingia Kivu kwa mamia ya maelfu mwaka 1994, na hali ikazidi kuwa mbaya, aliandika barua na kutoa matamko akiomba uhai wa watu ulindwe, wakimbizi pamoja na wenyeji. Maneno yake hayakuwapendeza wenye silaha. Alikuwa na njia ya kuondoka, lakini alibaki na watu wake. Aliuawa katika mji wa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996, katika majira yale yale ambayo wazazi wetu walikuwa wakitafuta mitumbwi. Mtu huyo alikuwa na unyenyekevu wa akida, kwa maana hakukitumia cheo chake kujiokoa. Alikuwa pia na sauti ya yule mama, kwa maana hakukubali kunyamaza. Mambo hayo mawili hayagombani.

Mfano wa pili ni wa mwalimu mwenzetu. Festo Kivengere wa Uganda alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa mchungaji, na alifundisha miaka kadhaa Dodoma, wakati nchi hii inayotuhifadhi ikiitwa bado Tanganyika. Alilelewa katika ule uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ambao uliwafundisha watu kuungama mbele ya wenzao bila ya kuangalia nani Mzungu na nani Mwafrika, nani mkuu na nani mdogo. Mwaka 1972 akawa Askofu wa Kigezi. Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa chini ya utawala wa Idi Amin, Kivengere na mkewe walivuka milima usiku kwa miguu wakaingia Rwanda. Walikuwa wakimbizi kama sisi. Na mwaka huo huo alitoa kitabu ambacho jina lake lilisema kwamba anampenda Idi Amin.

Watu walishangaa, na ilikuwa haki yao kushangaa. Kitabu hicho hakikusema kwamba mauaji ni jambo dogo, kiliyaeleza. Lakini Kivengere alijua kwamba chuki ni kiburi kilichovaa nguo za msiba. Anayechukia amejiweka katika kiti cha hakimu wa mwisho, na kiti hicho kina mwenyewe. Kukiacha kiti hicho kwa Mungu ni unyenyekevu. Kuamini kwamba Mungu atahukumu vema kuliko sisi ni imani. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, Kivengere alirudi kwao kujenga upya, akafariki mwaka 1988. Tunalisema hili tukijua kwamba katika kambi hii watu waliofiwa kwa mkono wa kabila fulani wanachota maji kwenye bomba moja na watu wa kabila hilo. Hatumwamrishi mtu asamehe leo jioni. Tunasema tu kwamba mlango huo upo, ni mfupi, na hauingiliwi bila kuinama.

Sasa, jambo la tatu, ambalo wengi hupita bila kuliona. Akida na mama Mkanaani wanafanana katika jambo moja zaidi. Hakuna hata mmoja wao aliyejiombea mwenyewe. Akida alimwombea mtumishi, mama alimwombea binti. Imani mbili zilizoitwa kubwa zote zilikuwa imani za kumwombea mwingine. Na hapa Kiswahili chetu kina hekima yake. Neno imani kwetu lina maana mbili. Tunasema mtu ana imani kwa Mungu. Lakini tunasema pia, yule jirani ni mtu mwenye imani, tukiwa na maana kwamba ana huruma. Na mtu katili tunasema hana imani. Lugha imeziweka maana hizo mbili katika chungu kimoja, na Injili inaonyesha kwamba ndipo zinapokaa.

Tumeyaona hayo kambini kwa macho yetu. Mwaka 2015 ndugu zetu wa Burundi walipoingia Nyarugusu kwa maelfu, makanisa na madarasa yaligeuka mahali pa kulala. Watu waliokuwa wakimbizi kwa miaka 19 walijikuta wamekuwa wenyeji. Wengine walinung'unika, kwa sababu maji na kuni vilikuwa haba. Lakini wako akina mama waliopika sufuria moja ya uji wakagawa kwa watoto wasiojua majina yao. Hawakuitwa kwenye semina. Hakuna aliyewapiga picha. Mgao ulipopunguzwa mwaka 2017, na tena mwaka 2023, wako waliotoa kikombe kimoja cha unga katika kidogo chao kwa ajili ya mzee asiye na mtu. Kikombe hicho ni makombo ya mezani, na Mungu anayahesabu makombo.

Na Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, wako ndugu zetu waliokuwa wamekwisha kufunga mizigo, wameuza vyungu na kuaga majirani, wakalazimika kufungua mizigo ile. Hapo imani na unyenyekevu vilipimwa pande mbili. Kwa aliyekwama, ilikuwa vigumu kurudi bombani na ndoo mbele ya watu aliokwisha kuwaaga. Kwa jirani aliyekuwa na kijicho, ilikuwa rahisi kucheka. Heri jirani aliyemrudishia mwenzake chungu alichokinunua, asidai faida.

Ndugu zetu, tukiyakusanya yote, tunaona mambo manne ambayo Kamati yetu na makanisa yetu yanaweza kuyatenda tangu juma hili, bila kungoja fedha kutoka mahali popote.

Kwanza, makanisa yetu yakubaliane juu ya saa za ibada na sauti za ngoma na vipaza sauti, ili mmoja asimfunike mwenzake. Tusipoweza kuachiana nusu saa, tutawezaje kuhubiri juu ya Yeye aliyeuacha utukufu wa mbinguni akachukua hali ya mtumishi?

Pili, kila anayeandika orodha yoyote katika kijiji chake aibandike mahali pa wazi, na aongeze kwanza jina la mjane na mlemavu asiyeweza kuja kuuliza. Huo ndio unyenyekevu wa akida ukiwa kwenye karatasi.

Tatu, anayeuliza kwa adabu ajibiwe. Hata kama jibu ni hapana, ajibiwe. Kimya kinaumiza kuliko hapana.

Nne, katika kila nyumba na kila darasa, watoto wafundishwe kuombea wengine kwa majina. Mtoto anayemwombea mwenzake wa kabila jingine kwa jina lake atapata shida kumchukia atakapokuwa mkubwa. Sisi walimu tutaanza wenyewe, asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, kwa wale ambao wazazi wao wameridhia.

Kwa ndugu zetu Waislamu tunasema: hatukuwaalika mje kusikiliza mambo yasiyowahusu. Dini yenu jina lake lenyewe lina maana ya kujisalimisha kwa Mungu, na kila siku mnaweka paji la uso chini mbele zake. Mnalijua somo hili kwa mwili kabla ya maneno. Tusaidiane.

Siku hii ya 20 Juni imeadhimishwa duniani tangu mwaka 2001. Kila mwaka husemwa juu ya haki za mkimbizi, na ni vema zisemwe, maana yule mama naye alidai. Hatujui siku ya kurudi. Hatujui nani atapata nchi ya tatu na nani atazikwa hapa chini ya mlima huu. Lakini kunyenyekea ni tendo letu wenyewe. Vita havikutunyang'anya, mgao hauupunguzi, na kibali hakihitajiki. Mgeni wa Kapernaumu na mgeni wa Tiro walikuwa nalo tendo hilo, wakapata neno ambalo hata mitume walilitamani.

Ee Mungu, Baba wa wenyeji na wa wageni, walio juu uwape kuinama, walio chini uwape sauti, na sisi sote utupe imani ya kuombeana. Uibariki nchi hii iliyotupokea, na nchi zetu tulizoziacha. Amina.